Nilivyomwitikia Robhi

Wiki iliyopita nilipita nyuma ya shule moja ya msingi hapa mjini Tarime, nikanusa harufu ya mkaa uliotwangwa pamoja na majani ya viazi vitamu. Watoto wanne walikuwa wanasugua ubao wa darasa lao, mikono myeusi mpaka kwenye viwiko, na mmoja wao alikuwa anapaka zaidi shavu la mwenzake kuliko ubao. Nilidhani mambo hayo yalikwisha zamani. Nilikuwa na haraka, maana mimi nina haraka hata ninapokwenda kukaa, lakini nilisimama pale mpaka mlinzi akaja kuniuliza namtafuta nani. Nikamwambia simtafuti mtu. Nilimdanganya mzee wa watu bure.

Wenzangu wa rika langu mtakumbuka kwamba miaka ile ya ujamaa kitu cha kwanza kufundishwa shuleni hakikuwa herufi. Tulifundishwa kukaa. Tulikuwa tumehamishiwa kwenye kijiji kipya upande wa Gorong'a, nyumba zimepangwa mistari miwili kama watoto wa gwaride, na shule ilikuwa mwisho wa mistari hiyo: madarasa mawili ya udongo, paa la nyasi, na rimu la gari lililotundikwa kwenye mti kuwa kengele. Serikali ilisema kila mtoto asome, kwa hiyo darasa la kwanza lilikuwa na watoto wa miaka saba kama mimi na wasichana wenye matiti yanayoanza kuota, wote pamoja, na karibu wote hatukujua Kiswahili zaidi ya shikamoo.

Mwalimu wetu aliitwa Mwita. Leo ninapomkumbuka naona alikuwa kijana mdogo tu, hajatimiza hata miaka ishirini. Alikuwa amemaliza darasa la saba, akachaguliwa kufundisha huku na yeye bado anafundishwa. Mara mbili kwa wiki alipanda baiskeli mchana kwenda kusomea ualimu kwenye shule ya mbali, akarudi na vumbi mpaka kwenye kope. Alikuwa na shati moja la kijani na alitufundisha sisi na darasa la pili kwa zamu, anatoka huku anaingia kule, chaki sikioni.

Wiki tatu nzima alitufundisha utaratibu. Kengele ikilia mara moja, acha ulichoshika. Ikilia mara ya pili, mstari, wafupi mbele. Onyesha kucha. Ingia kimya. Simama mpaka mwalimu aingie, sema shikamoo mwalimu, ngoja marahaba, ndipo ukae. Mikono juu ya dawati, mmoja juu ya mwingine. Ukitaka kujibu nyoosha kidole na usiseme mimi mimi mimi. Ukitaka kwenda nje, kuna kibao kimetundikwa kwenye msumari karibu na mlango. Chukua kibao, nenda, rudi, kitundike. Kibao hakipo, basi kuna mwenzako huko nje, vumilia. Tuliyafanya hayo mara kumi, mara ishirini, kutoka na kuingia, kukaa na kusimama, mpaka wazazi waliopita na majembe yao walisimama kutuangalia wakicheka. Bibi mmoja aliuliza kwa sauti kama mtoto wake amepelekwa shule au jeshini.

Wengine waliyaweza. Mimi yalinitesa. Nilikuwa mtoto asiyetulia, na sisemi kwa kujivunia. Mguu wangu wa kulia ulikuwa unacheza wenyewe, kisigino kinagonga sakafu, dawati linatetemeka, mwenzangu wa mbele anageuka. Kibao cha kwendea nje nilikichukua mara nyingi mpaka Mwalimu Mwita akauliza kama nyumbani tunakunywa mtoni pamoja na ng'ombe.

"Wewe mtoto," alisema siku moja, amenisimamia kichwani, "hapo ulipokaa kuna siafu?"

"Hapana mwalimu."

"Basi kaa kama mtu aliyefika."

Aliyeniokoa ni Robhi. Tulikaa dawati moja. Yeye alikuwa na miaka kumi au zaidi, mrefu, mwenye vidole vya miguu vilivyotawanyika kwa kutembea peku, na utaratibu ule wote aliushika kwa mara ya kwanza kama mtu aliyekuwa anaungoja. Mguu wangu ulipoanza kucheza, Robhi hakusema neno wala hakugeuza uso kutoka ubaoni. Aliinua mguu wake taratibu akauweka juu ya wangu, ukakaa hapo. Mguu wake ulikuwa mzito na mkavu na wenye joto. Nilitulia. Sijui kwa nini kwa mama sikutulia na kwa fimbo sikutulia, lakini chini ya mguu wa Robhi nilitulia. "Tulia," alikuwa ananiambia kwa Kikurya tukitoka, "kama unataka kuona mambo yanavyokwenda." Yeye alitaka sana kuona mambo yanavyokwenda. Baba yake alikuwa amemwandikisha kwa kuogopa balozi wa nyumba kumi, na alisema waziwazi kwamba msichana wa umri ule kazi yake ni nyumbani.

Somo la mwisho la utaratibu lilikuwa daftari la mahudhurio. Nakumbuka siku hiyo kwa sababu ya nyigu. Kulikuwa na nyigu anajenga nyumba ya udongo kwenye boriti juu ya kichwa cha mwalimu, anakwenda anarudi, anakwenda anarudi, na mimi niliona huyo ndiye mwenye akili kuliko sisi wote, maana hakuna aliyemwambia akae. Mwalimu Mwita aliinua daftari refu lenye jalada la bluu, akaeleza jambo refu kwa Kiswahili, akalirudia kwa Kikurya, ingawa Kikurya darasani kilikatazwa. Robhi alinyoosha shingo kusikiliza. Mimi nilikuwa na nyigu. Nilichoshika ni kipande tu: jina lako likiitwa, jibu "nipo mwalimu", na ukijibu vingine mwalimu anagonga meza kwa rula.

Lakini mimi niliona sina haja ya kuelezwa, kwa sababu jambo hilo tulikuwa nalo nyumbani. Kila jioni, ng'ombe wakiingia zizini, tata, yaani baba yetu, alisimama langoni akiwaita kwa majina yao, mmoja mmoja. Sisi watoto tulikaa juu ya uzio, na anayemwona ng'ombe aliyeitwa anajibu kwa ajili yake: yupo. Ng'ombe wetu wawili walikuwa hawalali kwetu. Walikuwa wamewekwa kwa mjomba ili wanawe wapate maziwa. Tata aliwaita na hao kila jioni, na sisi tulijibu, yupo, yupo, kwa sababu tulijua walipo. Ng'ombe anayejulikana alipo yupo. Asiyekuwepo ni yule ambaye jina lake linaitwa na watu wanatazamana. Kimya kile nilikiona mara moja tu. Tata aliita jina la fahali mweusi, hakuna aliyejibu, akaita tena, na mara hiyohiyo akapiga yowe lililochukuliwa na nyumba ya pili, na ya tatu, wanaume wakatoka mbio na mikuki kufuata nyayo. Fahali alipatikana kabla jua halijazama. Mimi nilibaki na kimya kile tumboni kwa muda mrefu.

Haikupita mwezi, Robhi akanikuta kisimani asubuhi ya Jumapili. Alikuwa amebeba mtungi na amejifunga kanga ya mama yake.

"Shangazi yangu amejifungua," aliniambia. "Wananipeleka huko kubeba mtoto."

"Huko wapi?"

"Ng'ambo ya Mto Mara. Kwa akina Nyamburi, unapita kilima chenye mawe meupe." Aliniangalia. Hakuwa na huzuni yoyote, na hilo lilinishangaza, maana shule ilikuwa roho yake. Akainua vidole vitatu. "Siku tatu tu. Wewe tulia."

Basi nikatulia, kwa maana ya kwamba sikulia. Niliona siku tatu si kitu, kubeba mtoto siku tatu halafu mtu anarudi.

Jumatatu Mwalimu Mwita alifungua daftari. Aliita wavulana, halafu wasichana, haraka haraka, kichwa chini, kwa sababu darasa la pili walikuwa wameshaanza kurushiana mabua upande wa pili. Tulikuwa wengi, baadhi wamekaa sakafuni, na yeye alisikia sauti tu. Akafika kwa Robhi. Akaita. Kalamu ikasimama hewani.

Kimya kile kikaja. Nilikijua. Mguu wangu ukaanza kugonga na hapakuwa na mguu wa kuukalia. Nilimwona tata langoni. Nikawaza, huyu mwalimu anadhani Robhi amepotea, na Robhi hajapotea, mimi najua alipo, yuko kwa shangazi yake, ng'ambo ya mto, kwa akina Nyamburi, unapita kilima chenye mawe meupe. Nikafungua kinywa nikatoa jibu tulilofundishwa.

"Nipo mwalimu."

Kalamu ikashuka ikaandika. Chacha, aliyekaa mbele yetu, aligeuka akanitazama, akarudi mbele. Hakuona ajabu yoyote. Kwao pia waliitikia ng'ombe hivyo hivyo.

Nilijisikia vizuri siku ile, kama mtu aliyetunza kitu cha rafiki. Jumanne nikaitikia. Jumatano nikaitikia. Alhamisi nilikwenda shule mbio nikijua nitamkuta, maana siku tatu zilikuwa zimekwisha, na dawati lilikuwa tupu. Nikaitikia. Kufika wiki ya pili ile raha iliisha, lakini sikujua jinsi ya kuacha. Ukiacha kumwitikia ng'ombe leo, ni wewe uliyempoteza leo. Kila asubuhi niliamka na jina la Robhi, nikatembea nalo mpaka shuleni nikiogopa kulisahau, na siku nilipougua homa nililia nipelekwe shule, mama akawaambia majirani kwamba binti yake sasa anapenda masomo. Ilibidi aniachie. Nilikwenda nimejifunga shuka, nikaitikia majina mawili, nikatapika nje.

Mvua za masika zikaanza. Paa letu la nyasi lilivuja, mto ulifura, na mimi bado nilikuwa naitikia. Ndipo alipokuja mkaguzi.

Alikuwa mtu mnene mwenye viatu vya buti na miwani, ametoka wilayani, na Mwalimu Mwita alikuwa amefua shati la kijani akalivaa bado bichi. Tulisimama vizuri. Tulisema shikamoo pamoja kama tulivyofundishwa. Tulikaa kwa kishindo kimoja, na nilimwona mwalimu wetu akimeza mate kwa furaha. Mkaguzi alichukua daftari mwenyewe. Akasema kila atakayeitwa asimame wima na ajibu.

Akaita wavulana. Akaita wasichana. Akaita jina la Robhi, na mimi, kabla sijafikiri lolote, nilikuwa wima.

"Nipo mwalimu!"

Akaandika. Akaita jina lililofuata, na jina hilo lilikuwa langu.

Nilikuwa nimesimama tayari. Nilitazama huku na huku kama atatokea mtu wa kusimama kwa ajili yangu. Watoto wakaanza kucheka. Mkaguzi akavua miwani.

"Wewe ni nani?"

Kiswahili chote kikanitoka. Nilieleza kwa Kikurya, mbio mbio, kwamba mimi ni mimi, na Robhi yupo, yuko kwa shangazi yake anabeba mtoto, ni kama ng'ombe wetu walio kwa mjomba, hawakupotea, mimi nawaitikia tu. Mwalimu Mwita alitafsiri. Sauti yake ilipungua neno baada ya neno, mpaka mkaguzi akamwambia aseme kwa nguvu. Alipomaliza hakunipiga. Alilishika dawati letu kwa mikono miwili, akainama, akaniuliza taratibu sana, "Tangu lini?" Nikamwambia tangu kabla ya mvua. Akafumba macho.

Siku hiyohiyo barua ilikwenda kwa balozi. Balozi akaenda kwa baba yake Robhi, na kesho yake baba huyo alikuja shuleni mwenyewe, na fimbo yake ya kuchungia, akasimama mlangoni.

"Mwalimu," alisema, "mimi naulizwa mtoto wangu yuko wapi. Kitabu chako kinasema nini?"

Mwalimu Mwita alilifunga daftari.

"Kinasema amekuja kila siku. Mimi nimlete mara ngapi?"

Watu wazima waliokuwa pale walicheka. Mzee yule aliondoka akiwa ameshinda, na mgambo waliotumwa walirudi kutoka mtoni wakisema maji yamejaa, hapavukiki, na tena huko ni wilaya nyingine yenye wakubwa wake. Mto ulipopungua hapakuwa na mtu mwenye hamu tena. Mwalimu Mwita alivuta mstari mwekundu juu ya jina, polepole, kwa rula. Kabla ya mwaka kwisha alihamishwa, na sikupata kumuomba radhi. Dawati letu akaja kukaa mtoto mwingine, mwenye miguu baridi.

Nilikua. Nilisoma mpaka nilipofikia, na kazi yangu imekuwa ya kutembea vijijini, inayonifaa. Nilijieleza mambo yale kwa njia nyingi. Nilijiambia kwamba baba yake angemtoa tu, kwamba mto ungejaa tu, kwamba nilikuwa mtoto. Nadhani hata nilianza kuamini.

Miaka mingi baadaye kazi ilinipeleka Serengeti, ng'ambo ya Mara, na mwenyeji wangu alipotaja kilima chenye mawe meupe nilimkatiza. Niliuliza. Nikaelekezwa kwenye nyumba yenye uzio wa minyaa. Alitoka mwanamke mrefu mwenye mjukuu mgongoni, akanitazama kidogo tu, halafu akatazama mguu wangu.

"Ni wewe," alisema. "Bado?"

Tulicheka mpaka mtoto akalia. Alinikaribisha ndani, akaniwekea uji, akakaa ng'ambo ya meza ndogo. Aliniambia alivyobeba mtoto wa kwanza wa shangazi, na wa pili, na wa tatu, halafu akaolewa palepale. Kusoma alijifunza ukubwani, kwenye darasa la watu wazima, na alikuwa wa kwanza kufika kila siku. Aliyasema hayo bila uchungu, akipuliza uji. Mguu wangu ulikuwa umeanza kugonga chini ya meza. Bila kutazama, Robhi akainua mguu wake akauweka juu ya wangu, na mimi, mtu mzima mwenye watoto, nikatulia.

"Unajua kilichoniuma ni nini?" alisema. "Si kubeba mtoto. Mwalimu alituambia siku ile ya daftari. Jina likiitwa siku tatu bila kujibiwa, anaandika barua, balozi anamfuata baba yako, unarudishwa. Alisema mara mbili, mpaka kwa Kikurya. Ndiyo maana nilikuja huku nacheka. Nilihesabu. Siku ya nne nilioga, nikavaa gauni la shule, nikakaa pale nje kwenye jiwe na mtoto wa shangazi mapajani. Siku ya tano tena. Nilivaa gauni lile mpaka likaisha." Akatikisa kichwa. "Nikasema basi, labda mimi hawakuniita."

Ningeweza kunywa uji wangu. Hakuna aliyejua, na yeye alikuwa amekwisha kuyazoea. Lakini ule mguu wenye joto ulikuwa juu ya wangu na sikuweza kuubeba tena.

"Walikuita," nilisema. "Kila siku walikuita. Nilikuwa naitika mimi."

Robhi aliweka bakuli lake chini. Mjukuu alikuwa amelala mgongoni kwake, kichwa upande. Nje kuku alikuwa anaparua kwenye vumbi. Alichukua bakuli langu, akaona uji umepungua, akaniongezea mpaka juu, akalirudisha mbele yangu kwa mikono miwili kama anavyopewa mgeni. Na chini ya meza akautoa mguu wake.